Uzi: Filamu ya Watergate naitazama mara ya nne, mwisho wake naujua, na bado inanikosesha usingizi. Kwa nini?

#1 Kalamu Nyeusi
Wakuu, salaam. Naombeni msaada wa mawazo.

Wiki iliyopita umeme ulirudi saa tano usiku. Nikawasha kompyuta, nikasema nitazame dakika kumi tu za All the President's Men halafu nilale. Nimelala saa nane. Hii ni mara ya nne.

Kwa ambao hawajaiona: ni filamu ya mwaka 1976. Waandishi wawili vijana wa gazeti la Washington Post, Bob Woodward na Carl Bernstein, wanafuatilia habari ya wezi watano waliokamatwa usiku wa kuamkia 17 Juni 1972 ndani ya ofisi za chama cha Democratic, kwenye jengo la Watergate. Mwisho dunia nzima inaujua, Rais Nixon aliachia madaraka tarehe 9 Agosti 1974. Humo ndani harushwi mtu ngumi. Hamna mapenzi, hamna magari yanayokimbizana. Watu wanapiga simu, wanagonga milango, wanafungiwa milango, wanarudi ofisini kupiga taipu. Na mimi nimeshika tama, chai imepolea mezani.

Kinachonimaliza ni kipande cha simu. Woodward, yaani Robert Redford, anampigia Kenneth Dahlberg, mchangishaji wa fedha za kampeni ya Nixon, amuulize hundi yake ya dola 25,000 imefikaje kwenye akaunti ya mmoja wa wale wezi. Kamera haikatwi kwa dakika kama sita. Inamsogelea taratibu mno, unakuja kushtuka uso umejaa kioo kizima. Mtu kakaa anaongea na simu, basi. Na mimi nimebana pumzi.

Swali langu: ni nini hasa kinachotushika pale?

#2 Mtoto wa Pangani
Mkuu, ni sauti. Kumbuka mwanzo kabisa. Kioo cheupe, kimya, unadhani mashine yako imekwama. Kumbe ni karatasi. Halafu herufi ya kwanza inapigwa na masikio yanaruka. Walichanganya mlio wa taipureta na mlio wa bunduki na wa mjeledi. Kabla hujamwona mtu yeyote umeshaambiwa silaha ya vita hii ni ipi. Baada ya hapo muziki ni haba sana, unabaki na simu, nyayo, karatasi. Masikio yako yanafanya kazi ya ulinzi wakati wote.

#3 Mama Kulwa
Mimi niliitazama na Baba Kulwa. Dakika ya ishirini alikuwa anakoroma. Kabla hajalala aliniuliza, "Hawa watu wataanza lini?" Kwa hiyo mkisema inatushika, semeni inawashika nani.

#4 Dunda la Mwananyamala
Hahaha, Baba Kulwa ni mtu wetu wa kibanda umiza! Pale kwetu ukiweka filamu ambayo steringi anashika simu badala ya bastola, watu wanadai hela zao. Lakini tusisahau ilichukua Oscar ya filamu bora, siyo mchezo.

#5 Kalamu Nyeusi
Dunda, hapana. Filamu bora mwaka ule ilikwenda kwa Rocky, ya bondia. Hii iliteuliwa mara nane ikachukua nne: mwigizaji msaidizi (Jason Robards, yule mhariri Ben Bradlee anayeweka miguu juu ya meza), skripti, yaani maandishi ya filamu, ya William Goldman, sauti, na usanifu wa mandhari. Ile ya sauti inampa nguvu Mtoto wa Pangani.

#6 Dunda la Mwananyamala
Nimepokea mkuu. Bondia alistahili lakini.

#7 Fundi Mwanga
Sauti ni sehemu, ila mimi napiga picha za harusi, acheni niwaambie nilichokiona. Chumba cha habari kina taa nyeupe kila kona, hakuna kivuli hata chini ya meza. Ukitoka nje ni giza: maegesho ya magari, barabara usiku, nyumba zenye taa moja. Mpigapicha wao ni Gordon Willis, aliyepiga The Godfather, mtu aliyekuwa haogopi giza. Jicho lako linajifunza bila kufundishwa kwamba mle ndani mambo yanaonekana na nje yanafichwa. Kila wakitoka, unataka warudi.

Na chumba chenyewe ni cha kujengwa. Walishindwa kupigia picha gazetini penyewe, wakakijenga upya studio kule California, wakasafirisha hadi takataka za karatasi kutoka gazetini ili ndoo zijae uchafu halisi. Ndiyo ile Oscar ya mandhari.

#8 Jicho la Mlango
Hamjagusa kitu chenyewe. Kinachotushika ni kwamba tunapotea pamoja nao. Majina yanamwagika: Hunt, Colson, Segretti, Sloan, Stans, Mitchell, Haldeman. Filamu haisimami kukueleza nani ni nani. Siku hizi ungeletewa mtu mwenye ubao na picha na uzi mwekundu. Hapa unahangaika, na wao wanahangaika. Kipande cha maktaba ndicho ushahidi wangu. Wanapewa vikaratasi vyote vya wasomaji walioazima vitabu Maktaba ya Bunge, wanavipekua kimoja kimoja, na kamera inapanda juu, inapanda, mpaka wanakuwa kama chawa wawili kwenye mkeka wa duara. Na hawapati kitu! Filamu imetumia muda wote ule kutuonyesha kazi isiyozaa matunda.

#9 Mama Kulwa
Kwa hiyo Baba Kulwa alikuwa sahihi, hawafanyi kitu.

#10 Jicho la Mlango
Mama Kulwa, wanafanya, hawapati. Hizo ni mbili tofauti, na mtu yeyote aliyewahi kutafuta cheti chake cha kuzaliwa anaijua tofauti yake.

#11 Lindo la Usiku
Wakuu, mimi siyo mtaalamu wa filamu. Ni mlinzi, mwaka wa kumi na moja zamu ya usiku. Niliitazama kwenye simu nikiwa kibandani getini.

Hakuna aliyemtaja Frank Wills. Yeye ndiye mlinzi wa lile jengo, miaka 24. Akipita kwenye mzunguko wake alikuta mlango umebandikwa mkanda wa gundi kwenye kitasa usijifunge. Akautoa, akaendelea. Aliporudi akakuta umebandikwa tena. Hapo ndipo akapiga simu polisi. Na yule mnayemwona mwanzoni mwa filamu siyo mwigizaji, ni Frank Wills mwenyewe. Walimwita akaigize alichokifanya.

Kwa nini inanishika? Niliwahi kulinda ghala la kampuni nisiyoitaja. Usiku mmoja lori likatoka na mzigo bila hati. Nikaandika kwenye kitabu cha matukio: namba ya gari, saa, na nani aliamuru geti lifunguliwe. Asubuhi msimamizi akaniambia nichane ule ukurasa. Nikakataa. Mwezi uliofuata nikahamishiwa lindo la kiwanja kitupu, mshahara uleule, nauli mara mbili. Hakuna aliyekuja kusoma kile kitabu mpaka leo.

Kipande cha Wills ni kifupi mno. Mimi hukirudisha nyuma.

#12 Kalamu Nyeusi
Lindo, ahsante sana. Nilikuwa sijui kwamba ni yeye mwenyewe. Nimekwenda kutazama tena, nimemwona kwa macho mengine.

#13 Kibokoni
Lindo, yakhe, umenigusa. Mwongezee na haya: yule Wills maisha yake baadaye hayakunyooka. Kazi zilimpiga chenga, alikufa mwaka 2000 akiwa hana kitu, wakati waandishi na hata baadhi ya wahalifu wa ile kesi walikuwa wameshauza vitabu.

Huku kwetu Kenya tunaye wa kwetu. David Munyakei, karani Benki Kuu. Aliona mamilioni yakilipwa kwa kampuni ya Goldenberg kama fidia ya kuuza dhahabu na almasi nje, na Kenya almasi iko wapi? Akazitoa nyaraka zikawafikia wabunge wa upinzani mwaka 1993. Akakamatwa, kazi ikaenda. Alikuja kuishi huku Mombasa. Alifariki 2006. Kwangu mimi filamu ile inashika kwa sababu ni filamu ya watu wadogo. Nixon mwenyewe humwoni ila kwenye televisheni.

#14 Sheria Ngumu
Samahanini, nitaharibu sherehe kidogo. Filamu hii ni nzuri na inatudanganya kwa wakati mmoja.

Inatufanya tuamini vijana wawili na taipureta walimwangusha rais. Yaliyotokea ni mapana kuliko hapo. Jaji John Sirica aliwabana washtakiwa mpaka James McCord, mmoja wa wale watano, akaandika barua Machi 1973 akisema kuna shinikizo na kuna uongo ulisemwa mahakamani. Kamati ya Seneti ya Sam Ervin ikaita mashahidi mbele ya televisheni. Tarehe 16 Julai 1973 Alexander Butterfield akaieleza kamati kwamba ofisi ya rais ina vinasa sauti. Oktoba mwaka huo Nixon akaamuru mwendesha mashtaka Archibald Cox afukuzwe, na wakubwa wawili wa Wizara ya Sheria wakaona heri waondoke kuliko kutekeleza. Tarehe 24 Julai 1974 Mahakama ya Juu ya nchi ikaamua kwa kura 8 kwa 0 kwamba kanda zitolewe. Katika moja ya kanda hizo, ya tarehe 23 Juni 1972, siku sita tu baada ya wizi, Nixon anasikika akikubali CIA itumike kuizuia FBI isichunguze. Kanda hiyo ilipotoka hadharani 5 Agosti, siku nne baadaye alikuwa ameondoka.

Kwenye filamu haya yote yako wapi? Yamepigwa kwa teleprinta dakika ya mwisho. Filamu inaishia Januari 1973, kesi ndiyo kwanza inaanza kunoga.

#15 Jicho la Mlango
Sheria Ngumu, ukweli wako wote naukubali, na ndiyo sababu yangu ya pili. Umeona inaishia wapi? Wamekosea! Wameandika kwamba Sloan wa kamati ya kampeni alimtaja Haldeman, msaidizi mkuu wa Nixon, mbele ya jopo la mashtaka, kumbe hakumtaja, kwa sababu hakuulizwa. Ikulu inawacheka. Nixon ameshinda majimbo 49. Mwisho kabisa televisheni iko mbele, Nixon anakula kiapo, mizinga inalia, na nyuma kule wale wawili wanachapa taipu, hawageuki hata kutazama. Filamu imekatwa pale walipokuwa chini. Ingeendelea mpaka ushindi ungelala kama Baba Kulwa.

#16 Dunda la Mwananyamala
Mizinga mbele, taipureta nyuma, halafu taipureta zinaendelea mizinga ikinyamaza. Aisee sikuliona hilo! Mtoto wa Pangani anapata bao la pili.

#17 Mtafuta Senti
Naona mmesahau neno la msingi, lile Woodward aliloliandika kwenye kitabu chake: "Fuata pesa." Hilo ndilo linalotushika. Ukishapewa neno hilo, kila tukio lina njia. Hundi, akaunti ya benki kule Miami, fedha zilizopitia Mexico, kasiki ya kamati ya kampeni. Unafuata pesa kama unavyofuata nyayo kwenye mchanga.

#18 Kalamu Nyeusi
Mtafuta Senti, hoja ni nzuri ila neno lile kitabuni halimo. Liliwekwa kwenye skripti ya filamu. Hal Holbrook, anayeigiza mtoa siri wa Woodward, analisema gizani kwenye gereji, na tangu hapo dunia nzima inaamini lilisemwa kweli.

#19 Mtafuta Senti
Una hakika? Nimelitumia kwenye semina mara ngapi nikimtaja Woodward!

#20 Sheria Ngumu
Ana hakika, na yuko sahihi. Ila "gereji" kwetu ni kwa mafundi, kuna oili na tairi. Pale ni maegesho ya chini ya ardhi.

#21 Kalamu Nyeusi
Nimenyoosha mikono. Maegesho ya chini ya ardhi.

#22 Mbeba Boksi wa Virginia
Niko upande huu wa mto, kazi zangu zinanipitisha Rosslyn. Yale maegesho ya kweli walipokutana yako hapa Arlington, mtaa wa Wilson, siyo katikati ya Washington. Nilishuka mara moja nikitaka kuona. Ni maegesho ya kawaida kabisa, mwangwi wa nyayo ndio uleule wa kwenye filamu.

Sasa mimi swali langu ni la yule mzee wa gizani. Mwaka 2005 alijitaja mwenyewe kuwa ndiye: Mark Felt, namba mbili wa FBI. Miaka zaidi ya 30 siri haikutoka. Alifanya vile kwa nini? Wengine wanasema alikuwa na kinyongo. J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, alipofariki Mei 1972, Felt alitarajia kiti, Nixon akampa L. Patrick Gray kutoka nje. Wengine wanasema aliona Ikulu inaitia mkono idara yake na akaitetea.

#23 Kibokoni
Mtu hatoki usiku kushuka kwenye maegesho ya giza kwa kinyongo peke yake. Yule aliipenda idara.

#24 Sheria Ngumu
Kinyongo kinaweza kukutoa nyumbani usiku miaka kumi, Kibokoni. Na kuna jambo linalotatiza picha ya shujaa. Mwaka 1980 Felt mwenyewe alitiwa hatiani kwa kuamuru maofisa wavunje nyumba za watu bila kibali cha mahakama, wakisaka kundi la wapinga serikali. Nixon alikwenda kutoa ushahidi kwenye kesi ile, wakati siri ya aliyezungumza na Woodward ilikuwa bado haijatoka. Reagan akamsamehe 1981. Kwa hiyo mtu aliyesaidia kufichua wavunja milango alikuwa ameamuru milango ivunjwe.

#25 Jicho la Mlango
Ndiyo maana giza la Fundi Mwanga lina maana. Mwaka 1976 watengeneza filamu hawakumjua, wakaacha uso nusu. Leo tunamjua na bado nusu hatuioni.

#26 Mbeba Boksi wa Virginia
Hapo umesema.

#27 Mzee wa Kilosa
Wanangu, nawasoma tangu jana. Niruhusuni niongeze la mzee.

Agosti 1974 nilikuwa kijana, tunahamia kijiji kipya, nyumba za miti hazijasiriba. Televisheni bara hatukuwa nayo, hiyo ilikuja miaka ya tisini. Kulikuwa na redio moja ya mbao ya mwalimu wetu, ya betri kubwa. Nixon alihutubia Alhamisi usiku kwao, kwetu ikawa saa kumi alfajiri ya Ijumaa. Mwalimu alikesha nayo, asubuhi akatuamsha. Hatukumwelewa. Tulimuuliza: amepinduliwa na jeshi? Akasema hapana. Amepigwa risasi? Hapana. Ameugua? Hapana. Sasa ameondokaje? Mwalimu akakuna kichwa, akasema, "Amekutwa na uongo."

Niliikaa na jibu lile miaka. Mjukuu aliponiwekea filamu hii mwaka juzi, na Kiingereza changu hiki cha kuokoteza, nilitazama mpaka mwisho bila kwenda msalani. Nilikuwa nataka kuona ule uongo ulikutwaje, kwa mikono ya nani, saa ngapi. Si sauti wala mwanga, wanangu. Mimi nilikuwa na deni la swali.

#28 Mtoto wa Pangani
Shikamoo mzee. Kwa hilo naiweka sauti yangu pembeni.

#29 Mzee wa Kilosa
Marahaba mwanangu. Usiiweke pembeni, nayo niliisikia.

#30 Dunda la Mwananyamala
Mzee umenikumbusha Februari 2008, mimi niko sekondari, ripoti ya kamati ya Mwakyembe juu ya kampuni ya umeme ya Richmond inasomwa bungeni, mtaa mzima uko dukani kwa Mangi kwenye televisheni. Tarehe 7 Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu. Tulipiga kelele kama kombe limekuja. Lakini waliokaa na mafaili usiku hatukuwaona. Hatujawahi kuwaona. Tunaona siku ya mwisho tu.

Kwa nini hatuna filamu ya namna hii ya kwetu?

#31 Mtafuta Senti
Pesa. Nani atakulipa?

#32 Kibokoni
Si pesa, ni uoga.

#33 Fundi Mwanga
Si pesa wala uoga. Tunaogopa kuchosha watazamaji. Mwongozaji wetu angeweka mke wa kando kwenye dakika ya tano. Wakuu, huu ni uzi mwingine, mtu aufungue nitakuja. Turudi.

#34 Jicho la Mlango
Kabla hatujarudi, kuna waliofutwa. Barry Sussman, mhariri wa mambo ya mji aliyewasimamia wale vijana siku kwa siku, kwenye filamu hayupo kabisa, kazi yake wamegawiwa wengine. Na Katharine Graham, mwenye gazeti, aliyebeba hatari yote ya biashara, anatajwa tu kwenye tusi la John Mitchell, aliyekuwa mkuu wa kampeni ya Nixon. Kibokoni anasema ni filamu ya watu wadogo, lakini hata waliokuwa karibu na meza walipotea.

#35 Kibokoni
Hilo nalikubali kwa shingo upande.

#36 Kalamu Nyeusi
Nilipata jambo jingine juu ya ile simu ya dakika sita. Mwishoni Redford anakosea jina la Dahlberg, anamwita kwa jina la mtu mwingine aliyempigia kabla, anajisahihisha palepale na kuendelea. Lilikuwa kosa la kweli la mwigizaji, wakaliacha. Na Dahlberg katikati ya maswali anasema mke wa jirani yake ametekwa nyara, jambo lisilohusu chochote. Labda ndicho kinachonishika: ile simu haifanani na filamu, inafanana na simu.

#37 Vocha na Risiti
Habari zenu. Mimi husoma tu, leo ndiyo naandika mara ya kwanza.

Mmesema mengi na hakuna aliyemtaja mhasibu. Yule dada, Jane Alexander ndiye aliyemwigiza, wa kamati ya kampeni. Bernstein anaingia nyumbani kwake kwa ujanja, akishakaa hatoki. Anakunywa kahawa nyingi ili asifukuzwe, anaandika kwenye vipande vya karatasi. Yule dada anaogopa. Hakuiba chochote. Yeye aliandika tu namba, na anajua nani alipokea kiasi gani. Majina hawezi kuyatamka, wanafika mahali pa kuhesabiana herufi za mwanzo. Mikono yake mtaiona, haijui iwekwe wapi.

Nimefanya uhasibu miaka kumi na tisa. Mahali fulani nilipokuwa, tuliandika vocha za posho za safari ambazo hazikusafiriwa. Nilikuwa naandaa mimi, anaidhinisha mwingine, na orodha ya waliosaini nilikuwa naijua kwa kichwa kama sala. Siku wakaguzi walipokuja niliambiwa nichukue likizo yangu ya mwaka, nianze siku hiyohiyo. Nikaenda kwa mama yangu. Wiki mbili nilikaa kibarazani nachambua mboga, na kila pikipiki ikipunguza mwendo moyo unaniruka. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na daftari dogo kwenye mkoba, tarehe na kiasi.

Hakuna aliyekuja. Nikarudi kazini, mambo yakaendelea.

Nikitazama kile kipande huwa sijiulizi mwandishi atapata habari au hatapata. Najiuliza mimi ningemwachia aingie au ningemwambia kahawa imekwisha. Nimetazama mara nyingi kuliko Kalamu Nyeusi, na sijajua.

#38 Lindo la Usiku
Dada, daftari unalo bado?

#39 Vocha na Risiti
Ninalo.

#40 Kalamu Nyeusi
Vocha na Risiti, ahsante kwa kuandika. Nimesoma mara tatu. Mimi siku zote nilikuwa natazama kipande kile nikiwa upande wa Bernstein, nikiomba asifukuzwe. Sikuwahi kukaa kwenye kile kiti kingine.

#41 Sheria Ngumu
Dada yangu, ushauri wa bure: usitaje humu mahali wala mwaka, na daftari usilitembeze mkobani. Ukitaka kulipeleka mbele, anza na wakili.

Na nirudishe kidogo ukali wangu wa #14. Nilisema filamu inadanganya kwa kuacha mahakama na Bunge. Nimefikiri usiku. Kanda zile zisingeombwa na mtu kama jambo lenyewe lingekuwa limekufa mwaka 1972. Nani alilizuia lisife, waandishi, jaji, au FBI yenyewe iliyokuwa ikichunguza wakati wote? Bado nasema wote. Lakini mhasibu alikuwa kabla ya wote.

#42 Mtafuta Senti
Kumbe pesa niliyosema ifuatwe ilikuwa imekaa kwenye kiti inatetemeka mikono.

#43 Mama Kulwa
Wapendwa, nimesoma hadi hapa nikamsomea Baba Kulwa habari ya Lindo na ya huyu dada. Jana usiku amesema tuiweke tena, toka mwanzo. Amepita dakika ya ishirini. Amepita na simu, aliisimamisha akaniuliza huyo jirani aliyetekewa mke ana uhusiano gani na wizi, nikamwambia hana. Maktaba aliona ni kupoteza muda, hapo hatujakubaliana. Kwa mhasibu alinyamaza kabisa, mpaka sigara za yule mwandishi zilipoisha.

Sasa amekwama kwa Sloan. Anauliza: huyu mwenye mke mjamzito yuko upande gani? Mimi nimeshindwa kumjibu. Na amenikataza nisimwambie mwisho.

#44 Jicho la Mlango
Mwambie Sloan alikuwa mtunza hazina wa kamati, aliacha kazi alipoona fedha haziendi sawa. Upande gani, hilo aamue mwenyewe akifika kwenye Haldeman. Na asiache kusikiliza swali wanalomuuliza mlangoni, neno kwa neno. Kosa lote liko mle.